Sanda ya Mama juani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Sokoni Mwanga, mjini Kigoma, ninakouza vitambaa, mteja akinikunjulisha majora sita kisha akaondoka mikono mitupu, wenzangu wa meza za jirani huanza kukohoa kwa makusudi, wanasubiri niropoke. Lakini hakuna mteja aliyewahi kunipandisha hasira kama mama yangu mzazi. Na kisa kilikuwa kimoja tu: hataki kuhama.

Mama anaishi Ujiji, katika nyumba ile ile aliyoletwa akiwa bibi harusi. Mimi nina nyumba yangu Mwanga. Jamani, hiyo nayo ni safari? Unapanda bajaji, hujamaliza kusimulia kisa kimoja, umeshafika. Mwezi mmoja alianguka uani, akakaa chini na nyonga yake mpaka jirani wa mbele, bibi aliyecheza naye utotoni, alipomsikia akaja kumnyanyua. Nilipopata habari nikasema basi, imetosha, kabla ya Ramadhani mama yuko kwangu. Kwangu kuna marumaru, kuna choo cha ndani, kuna geti. Akanijibu, "Geti la kunifungia nini? Mimi mbuzi?"

Tukavutana wiki tatu. Nikibembeleza anacheka, nikigomba anaanza kuvuta tasbihi. Mwishowe akatoa neno lisilo ndiyo wala siyo: "Kama ni kunihamisha, vitu vyangu vya mbao visafishwe kwanza. Siingii kwa mtu na vumbi la Ujiji." Mimi nikalichukua lile kuwa ndiyo. Nikafunga duka siku tatu, nikaenda.

Vitu vyenyewe havikuwa vingi. Kabati la vyombo, meza, viti viwili vya mikono, na kasha kubwa la mninga analowekea nguo zake za maana. Nilikuwa nimebeba kopo la polishi ya dukani, zile za kung'arisha mara moja. Kulifungua tu, mama akakohoa mpaka machozi. Akalichukua kwa vidole viwili, akaliweka nje ya mlango.

"Hiyo ni petroli," akasema. "Mti ulikuwa kitu hai, unataka chakula. Nenda kachemshe chai."

"Chai ya kunywa?"

"Ya kunywa kabati."

Basi ndivyo nilivyorudishwa darasani na umri wangu huu. Chai ya rangi, kali, isiyo na sukari, iachwe ipoe. Unachovya kipande cha khanga kuukuu, unakikamua hasa, unafuta ukifuata mistari ya mbao, si kukatisha. Ile chai inaondoa uchafu na inaurudishia mninga wekundu wake. Penye weusi wa mafuta ya jikoni, juu ya mlango wa kabati, alinipa majivu yaliyochekechwa na tone la maji, niyasugue kwa kidole. Penye alama za vikombe, chumvi na nusu ya limao, kisha nifute upesi kabla limao halijala mbao. Nikikosea ananipiga kofi la mkono, kofi dogo, kama ninaiba nyama chunguni.

Baada ya hapo ndiyo mafuta. Huku kwetu michikichi inatupa mafuta mawili na kila mpishi anayajua. Mawese, mekundu, yanayotoka kwenye nyama ya tunda. Na mafuta ya mise, yanayokamuliwa kwenye kiini cha mbegu, meupe na mepesi. Ya mbao ni mise. Mama aliyapasha moto kidogo, akakwangulia humo nta ya nyuki, akakoroga kwa kijiti. Unapaka kidogo, unaacha usiku kucha, asubuhi unasugua kwa kitambaa kikavu mpaka mkono useme inatosha. Nilipaka viti, nikapaka meza. Nikajiona fundi. Vyote nikavipanga barazani vikauke kwa upepo wa ziwa, nikamwambia mama akae ndani siku mbili, maana baraza yake haina tena pa kukalia. Akanuna, akakaa.

Kasha likabaki la mwisho. Nje likapata mise yake, likapendeza, wallahi. Nikafungua ndani. Mbao za ndani zilikuwa kavu, zimepauka, zikanitia huruma. Mama alishaniambia kwamba ndani ya kasha hapapakwi kitu, panafukizwa udi tu. Nilimsikia. Lakini mama alikuwa amelala, na mimi nikiwa na kitambaa mkononi sina breki. Mise ilikuwa imekwisha. Pale jikoni palikuwa na chupa ya mawese. Nikasema moyoni, mafuta ni mafuta, si mti mmoja? Nikalipaka kasha zima kwa ndani, nikafuta juu juu, na jioni nikazirudisha nguo moja moja mahali pake.

Chini kabisa ya nguo zote huwa kuna sanda yake. Wazee wengi wa kwetu wanajiwekea. Ya mama ni bafta safi, nilimpa mimi mwenyewe kutoka dukani kwangu, na mwosha maiti wa mtaa akamkatia vile vipande vitano vya mwanamke, havina pindo wala uzi wa sindano. Anaipenda ile sanda kuliko gauni lolote nililowahi kumshonea. Kila Idi anaitoa, anaifukiza, anairudisha.

Asubuhi ya siku ya tatu nilifungua kasha nimtolee khanga. Nikaona wekundu kwenye ukingo wa mkeka unaotandikwa chini ya nguo. Nikavuta sanda. Loh! Vipande vyote vitano vilikuwa vimekunywa mawese, madoa ya rangi ya machungwa, makubwa kama viganja. Mimi muuza vitambaa, ninayewagombeza wateja wasishike kitambaa cheupe kwa mikono ya jasho! Niliogopa kama mtoto aliyevunja sinia la wageni. Nilichofikiria ni kimoja: mama akijua, hanifuati Mwanga wala popote. Atasema mtoto aliyeshindwa kumtunzia sanda atamtunzaje yeye.

Nikajibanza uani na beseni. Nikaisugua kwa gwanji, ile sabuni yetu ya kienyeji inayochemshwa kwa mawese hayo hayo, nikasuuza, nikasugua tena. Doa likapungua, likabaki njano. Hapo nikakumbuka linalojulikana na kila mwanamke wa Kigoma: doa la mawese halishindani na jua. Ulianike likiwa bichi, ukirudi adhuhuri limekwenda zake. Nikatandaza vipande vyote vitano kwenye kamba, kimoja baada ya kingine, nikaingia ndani kulisugua kasha kwa majivu. Hata sikuwaza kwamba ua wetu ni wa miti mifupi, na nyuma yake ndiyo njia ya kwenda bombani.

Sasa fikiria wewe ndiye unayepita na ndoo yako. Bibi wa nyumba hii alianguka mwezi uliopita. Siku mbili hajaonekana barazani. Viti vyake vimetolewa nje, vimepangwa. Binti yake wa Mwanga amefunga duka, yupo. Na kwenye kamba kuna bafta tano zisizo na pindo. Utauliza nini tena? Kwetu mtu haulizi. Anageuza ndoo, anakwenda kujifunga khanga, anarudi na unga.

Mimi nilikuwa nimeingiza kichwa chote kashani. Nikasikia kilio barazani. Kutoka nje, nakutana na wanawake kumi, kumi na tano, na wengine bado wanakuja, vichwa vimefunikwa, mikononi kuni, sufuria, unga, mmoja ana kapu la samaki wa migebuka. Mbele yao yule bibi jirani. Alinikumbatia akanilowesha bega, analia kwa Kiha, analia kwa Kiswahili.

"Mwanangu, mbona hukutuita? Tangu lini maiti akaoshwa na mtu mmoja?"

"Maiti gani, bibi?"

"Jikaze, mwanangu. Sote ni wa Mwenyezi Mungu."

Nyuma yao mwanamume mmoja alisimama na jembe begani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kaburi lichimbwe karibu na la baba au upande wa pili. Kabla sijapata la kusema, sauti ikatoka chumbani, kavu kabisa: "Inna lillahi. Nani kafa?"

Nikasikia sufuria likiwekwa chini. Mama akatokea mlangoni na mkongojo wake, khanga ya kulalia begani, anatutazama mmoja mmoja. Yule bibi jirani alimwangalia toka kichwani hadi miguuni. Kisha akamwendea, akampiga kofi la bega, kofi la kweli. "Mjinga we! Nimeacha uji wangu motoni kwa ajili yako!" Akamkumbatia, na sasa ndiyo akalia hasa. Wengine walianza kucheka huku machozi bado yanawatoka, na mwenye jembe akaenda kuliegemeza nyuma ya nyumba.

Ikabidi niseme. Nilisimama mbele ya mtaa mzima nikaungama: kasha, mawese, sanda, kamba. Nilikuwa naona aibu mpaka masikio yananiwaka. Nikamalizia, "Nisamehe mama. Ulinikataza."

Mama akaomba aletewe kipande kimoja. Nikamletea, bado kina unyevu. Akakisogeza karibu na jicho lake lile linaloona, akakinusa.

"Mawese," akasema. "Nimeyala miaka themanini na ushei. Leo nishindwe kulala nayo?"

Hapo hata mwenye jembe alicheka mpaka akakaa chini. Hakuna aliyerudi nyumbani na unga wake. Walipika ugali na migebuka, viti vyangu vilivyong'aa vikakaliwa na watu wenye mikono ya mafuta, na marehemu akala sahani mbili. Kila anayeingia kwa kuchelewa, uso umejikunja kwa msiba, walimwacha amalize kwanza pole zake ndipo wamwonyeshe mama. Mama alizipokea kwa adabu zote. "Ahsante, mwanangu. Nilikuwa mtu mwema."

Walitawanyika baada ya alasiri. Nilikusanya sanda, imekuwa nyeupe, doa huoni mpaka ulitafute. Mama alikuwa barazani anatazama njia.

"Haya," akasema. "Nimekubali. Nihamishe."

Nilidhani ananitania. Akaendelea bila kunigeukia. "Nilikuwa naogopa kitu kimoja. Kwamba nikitoka hapa, watanisahau nikiwa bado hai, na siku yangu ikifika utahangaika peke yako na watu usiowajua. Leo nimewaona. Wameacha vyungu motoni. Watakuja Mwanga hawa, watanifuata hata Kasulu wakitaka. Funga vitu, twende."

Wiki tatu nilizopigania neno hilo, jamani. Nilipaswa kushangilia. Nikafungua mdomo niseme alhamdulillahi, haikutoka. Nilikuwa naiona nyumba yangu. Watoto wangu wako Dodoma na Dar. Wapangaji wa upande wa pili nawajua kwa mlio wa pikipiki zao. Nikaona kamba yangu ya nguo, nyuma ya ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Pale unaweza kuanika sanda mwezi mzima.

"Mama," nikasema, "masika haya niliugua. Homa. Nililala siku nne."

"Hukuniambia."

"Sikumwambia mtu. Na hakuna aliyekuja. Siku ya tano mpangaji aligonga geti, nikafurahi, kumbe anataka hela ya umeme."

Nilisema hivyo nikijaribu kucheka. Sikuwahi kulia mbele ya mama tangu msiba wa baba. Nililia pale barazani, mikono yangu inanuka majivu na nta. Mama hakunibembeleza, si kawaida yake. Alinisubiri nimalize, akajifuta uso kwa ncha ya khanga kana kwamba aliyelia ni yeye.

"Sasa wa kuhamishwa si mimi," akasema.

Jumamosi nilikodi kirikuu, kale kagari ka mizigo, kwenda Mwanga na kurudi. Dereva akaniuliza tunapakia vitu vya nani, nikamwambia vyangu.