Kibano cha Roswitha

"Kibano chako kimepasuka, Roswitha! Kona ile ile uliyotuapia kuwa haivunjiki!" Detlef alikitupa kwenye meza ya chama chao cha wachongaji, katikati ya sahani za keki.

"Umekikaza kama unafunga gurudumu la trekta," Roswitha alimjibu. "Changu mbona kizima?"

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa hajakitazama.

Roswitha Kranz aliuza mikate mjini Görlitz. Katika chumba chake cha kufulia alikuwa na mashine ndogo ya kuchonga mbao na alumini, ile inayoongozwa na kompyuta. Kibano cha kiwandani kinachoshika mota ya kukatia kilimchosha kwa kutetemeka, akabuni chake cha alumini, akaweka mchoro mtandaoni bure. Watu wasiomjua walikuwa wakikichonga kila siku.

Jioni alimulika kona ya kibano chake kwa tochi. Ufa, mwembamba kama unywele.

"Ala! Kumbe na wewe!" akakiambia.

Hakungoja. Aliandika juu ya mchoro: "Msikichonge. Kina kasoro, na kasoro ni yangu." Kisha akachora kingine, kona ikiwa ya mviringo, akaapa hatawapa watu mpaka akijaribu mwenyewe. Kwa haraka zake akakifungua cha zamani, akakigonga nyundo aone kinavunjikia wapi. Kikavunjika vizuri sana. Ndipo akakumbuka kwamba mashine isiyo na kibano haichongi kibano, na kile cha kiwandani alikitupa zamani kwa maringo.

Chamani kwao, ukichongewa kifaa na mwenzako, nawe unamchongea mwingine. Kibano cha Detlef alikichonga Roswitha. Detlef hakuwahi kumchongea mtu hata kifungo.

Asubuhi Roswitha alikuwa mlangoni kwa Detlef. "Nimefuata deni langu."

"Kwa kibano kipi, mama? Changu si kimepasuka?"

"Kibane kwa mkanda wa chuma wa kukazia bomba, ukate taratibu."

"Na lile neno la trekta?"

"Trekta nimelimeza. Washa mashine!"

Detlef alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Walikata polepole, kahawa ikapoa, Roswitha akifagia vumbi la alumini kwa brashi na kumkaripia kila mota ilipolia.

Hatimaye Detlef akampa kifaa kingali na joto. "Tumemalizana?"

Roswitha alipitisha kidole konani, akakipitisha tena.

"Tumemalizana," akasema, akakitia kwenye mfuko wa mikate, akaenda kukijaribu.