Dereva wa Kreni Anayeanza Kazi kwa Kulala Chini

Saa moja asubuhi imeshapita, kreni imezimwa nje ya geti, na dereva wake amelala kifudifudi kwenye njia ya gari ya nyumba ya watu, sikio chini, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Mkononi ana kipande cha nondo. Anagonga, anasikiliza, anasogea hatua moja, anagonga tena.

Mpita njia anachungulia getini na kuuliza kama mzee ameanguka. Mke wa dereva, aliyesimama pembeni na filimbi shingoni, anamwambia asiwe na wasiwasi, ndivyo anavyoanza kazi. Anaongeza kwamba hata kitanda walichonunua mwaka jana alikigonga kwanza kabla ya kukilalia.

Mwanamume huyu ana miaka hamsini na minne, na kwenye kazi ya kuondoa miti majumbani anajulikana kwa jina la Taratibu. Jina hilo alibandikwa na wateja waliochoka kumsubiri, naye analipenda. Mkewe anaitwa Mama Filimbi, kwa kuwa ndiye anayesimama chini na kumwongoza mumewe kwa ishara za mikono mzigo ukiwa hewani. Wa tatu ni mkata miti wao, mtu mwembamba mwenye maneno machache, anayeitwa Komba kwa sababu akiwa juu ya tawi ndipo anapoonekana yuko kwao.

Kazi ya leo ni mkaratusi ambao upepo wa juzi umeupasua shina. Umeinamia nyumba, na chini ya paa linalotishiwa kuna chumba kimoja kidogo kilichopakwa rangi juzijuzi, chenye kitanda cha mtoto na chandarua kipya. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, mjane, na leo alasiri anampokea mjukuu wake wa kwanza. Mkwewe alijifungua siku nne zilizopita, na saa nane mama na mtoto wanaruhusiwa kutoka hospitali.

Mti hauwezi kuangushwa. Kulia kuna ukuta wa jirani, kushoto kuna hicho chumba. Lazima ukatwe kipande kwa kipande, na kila kipande kiinuliwe juu ya paa kabla ya kushushwa. Kwa hiyo Mwalimu anataka kreni iingie ndani, isogee hadi mlangoni, watu wafanye kazi wamalize kabla ya adhuhuri. Anasema ameishi hapa miaka thelathini na moja, na njia hiyo imepitiwa na malori ya mchanga, ya kokoto na ya maji, wala haijawahi kulalamika.

Taratibu anasimama, anajifuta vumbi sikioni, kisha anamweleza kwa upole kwamba kupita ni jambo moja na kusimama ni jambo jingine.

"Lori ni mgeni anayepita tu, Mwalimu. Kreni ni mgeni anayekaa, na akikaa anaelemea upande mmoja."

Anafafanua. Kreni yake ina uzito wa tani kumi na sita. Ikifika mahali pa kazi hutoa miguu minne ya chuma na kujiinua, matairi yakabaki yananing'inia. Mkono wake ukigeukia upande mmoja na mzigo ukiwa mbali, mguu wa upande huo peke yake unaweza kubeba zaidi ya nusu ya uzito wote. Mguu wenyewe, ukiondoa mbao nene anazoutandikia, hauzidi upana wa sinia. Ardhi ikiwa na uongo wowote, hapo ndipo utakapojulikana.

Hayo hakuyasoma kitabuni. Miaka tisa iliyopita aliegesha kreni kwenye njia ya gari ya nyumba nyingine, nzuri, imesakafiwa kwa zege. Alimuuliza mwenye nyumba kama chini kuna shimo lolote. Mwenye nyumba akasema hapana, naye alisema kweli kwa kadiri alivyojua, maana nyumba aliinunua, na aliyemuuzia alikuwa ameshafariki. Shimo la zamani la maji machafu lilikuwa limefunikwa kwa mbao na udongo, juu yake zege jembamba.

Mguu wa mbele kulia ulizama gogo la tatu likiwa hewani. Kreni iliinama, mkono ukaangukia paa la baraza. Dakika kumi kabla yake, watoto wa nyumba hiyo walikuwa wamekaa pale wakinywa chai. Mama yao alikuwa amewaita ndani kuvaa viatu.

"Hakuna aliyekwaruzwa. Lakini mimi nilikaa miezi kumi na minne siwezi kushika usukani wa kreni," anasema Taratibu. "Nikiona kikombe cha chai, moyo unakwenda mbio."

Mama Filimbi wakati huo alikuwa mpishi wa shule. Alimvumilia, akamsihi, akamnunia, na yote yakashindikana. Mwishowe akaacha kazi yake ya upishi, akaomba kufundishwa ishara za kuongoza kreni, akazifanyia mazoezi jikoni wiki tatu mbele ya masufuria. Siku aliyofaulu mtihani alirudi nyumbani na neno moja tu.

"Nilimwambia, panda. Mimi nitasimama chini. Wewe usiitazame ardhi, nitazame mimi."

Tangu hapo Taratibu hajawahi kunyanyua hata tawi bila mkewe kuwa mbele yake. Komba huwatania kwamba ndiyo ndoa pekee aliyowahi kuiona ambayo mke akinyoosha kidole juu, mume anapandisha kweli. Mama Filimbi humjibu kwamba nyumbani ishara ni zilezile, ila utii hupungua.

Ajali ile ilimfundisha pia namna ya kuuliza. Siku hizi Taratibu hamuulizi mtu kama kuna shimo, kwa sababu kila mtu hujibu hapana. Anauliza mvua kubwa ikinyesha maji yanasimama wapi. Anauliza choo cha kwanza cha nyumba kilikuwa upande gani. Na mara nyingi hamuulizi mwenye nyumba. Anamtafuta anayefua nguo.

Katika nyumba hii anayefua ni wifi yake Mwalimu, dada wa marehemu mume, mama wa miaka sabini na kitu anayeishi chumba cha nyuma. Mwalimu anasema huyo wasimsumbue, hajui lolote la ujenzi. Wifi yuko kwenye beseni, povu hadi viwikoni, na amesikia kila kitu.

"Wifi yangu anajua vitabu," anasema bila kuinua kichwa. "Mimi najua nilikokuwa namwaga maji kabla yeye hajaolewa hapa."

Kisha anasimulia. Nyumba ilikuwa ya wazazi wake. Choo cha kwanza kilikuwa upande wa mbele, karibu na yalipo maua sasa. Kaka yake alipochimba shimo jipya huko nyuma, la zamani alilifunika akatandaza vitofali hivi vya njia ya gari juu yake, mwaka ambao Mwalimu alikuwa masomoni mbali. Hakuna aliyelificha. Hakuna aliyemuuliza, basi.

Taratibu anaomba ndoo ya maji, anaimwaga yote kwenye vitofali na kuchuchumaa. Maji yanateremka kuelekea getini kama yanavyopaswa, isipokuwa mahali pamoja karibu na maua, ambapo yanazubaa, yanazunguka kidogo, kisha yanaanza kunywewa na mianya. Anagonga hapo kwa nondo. Safari hii hata asiye fundi anaisikia tofauti, mlio wa debe tupu.

Wanang'oa vitofali vinane. Chini kuna mchanga kidogo, na chini ya mchanga zege lenye ufa unaopita mkono. Komba anadondosha kokoto kwenye ufa. Kimya, kimya, halafu linasikika likitumbukia majini huko chini kabisa. Taratibu anachukua chaki na kuchora duara pale ambapo mguu wa kreni ungekaa endapo wangeingia kama Mwalimu alivyotaka. Duara linaangukia juu ya zege hilo, nusu hatua tu kutoka kwenye ufa.

Mwalimu anaikalia ndoo iliyobinuliwa.  Anasema kwa sauti ya chini kwamba hapo ndipo alipokuwa akiegesha gari lake, na hapo ndipo alipopanga mwanawe aegeshe leo, mtoto akiwa ndani. Mama Filimbi anakwenda kumshika bega.

Uamuzi unabaki mmoja. Kreni itasimama barabarani, mbele ya geti, ambapo lami imeshindiliwa na chini hakuna shimo. Ila kila uamuzi una gharama yake. Kutoka mlangoni hadi kwenye mti ni mita tisa. Kutoka getini ni mita kumi na sita, na kreni, kama binadamu, kadiri inavyonyoosha mkono ndivyo nguvu inavyopungua. Jedwali lililobandikwa karibu na kiti cha dereva linasema kwa umbali huo mwisho ni kilo mia nane. Taratibu hujiwekea mia sita, kwa sababu mti mbichi umejaa maji na hauna adabu ya kusema uzito wake. Vipande vilivyopaswa kuwa vinane sasa ni ishirini na kimoja.

Hapo Mwalimu anapandwa na hasira, na nani angemlaumu? Mtoto anakuja, geti limezibwa, na kazi haiishi kabla ya saa kumi na moja. Anauliza kama hawawezi kuingia wakajibana upande wa kushoto, miguu ya upande mmoja ikunjwe. Amewahi kuona watu wakifanya hivyo. Taratibu anakiri kwamba wapo wanaofanya, na wengi wao hutoka salama, ndiyo maana wanaendelea kufanya. Yeye hafanyi.

"Mtoto akingoja atalia tu. Kulia hakujamuumiza mtoto."

Kazi inaanza saa tatu. Komba anapanda, anafunga mkanda kwenye kipande, anajisogeza kando na kuwasha msumeno. Mama Filimbi amesimama mahali anapoonwa na wote wawili, mkono juu, macho hayapepesi. Kipande kinaachana na mti bila kishindo, kinaning'inia kidogo, kisha kinapita polepole juu ya paa hadi kinalala mtaani. Halafu kingine. Majirani walioleta viti kutazama maajabu wanaanza kupiga miayo.

Kipande cha kumi na nne ndicho kilichowanyima watu pumzi. Kilikuwa panda, pale mti unapogawanyika mara mbili, na ndani kilikuwa kizito kuliko kilivyopimwa kwa macho. Kipimo kilipanda hadi kilo mia saba na arobaini. Mama Filimbi alikunja ngumi, ishara ya kusimama. Kila kitu kikasimama, pamoja na majirani. Mume na mke wakatazamana kwa kitambo kupitia kioo, kisha mke akageuza kiganja chini, kidogo kidogo, na panda likateremka kando ya ukuta bila kugusa kitu. Kreni haikutikisika. Kwenye jedwali ilikuwa bado imebaki nafasi, ile aliyojiwekea mwenyewe.

Saa tisa na nusu gari linafika. Vimebaki vipande vitatu, na njia haipo. Mwalimu anatoka mbio na kanga begani, anapewa mjukuu wake kupitia mlango wa gari, akiwa amesimama katikati ya mtaa, vumbi la mbao likimdondokea kichwani. Analia bila kuficha. Mtoto, kwa upande wake, amelala fofofo, na anaendelea kulala msumeno ukinguruma.

Kipande cha mwisho kinashuka saa kumi na moja kasorobo. Mama Filimbi anapuliza filimbi mara mbili. Komba anapanda kukagua paa na kurudi na taarifa kwamba bati halijapata hata mkwaruzo. Wanazungushia shimo matawi na kamba, na familia inaingia kwa mguu, kwa mstari, wifi akiwa mbele kuwaonyesha pa kukanyaga.

Mtu angedhani sasa Taratibu angefunga mizigo. Badala yake anaketi kwenye ngazi ya kreni na karatasi nyeupe na rula, na kuanza kuchora. Anachora nyumba, geti, njia ya gari. Anaweka shimo la zamani, hatua ngapi kutoka ukutani, hatua ngapi kutoka getini. Anamwita wifi athibitishe bomba la maji linapita wapi. Chini anaandika tarehe na maneno machache: hapa usisimamishe kitu kizito.

Amefanya hivyo kwa kila nyumba tangu ile ajali, michoro mia moja arobaini na moja sasa. Lakini kuna nyumba sitini na nane alizofanyia kazi kabla, enzi alizokuwa akiuliza swali moja na kuamini jibu moja. Hizo ndizo mpango wake. Kila Jumapili yeye na mkewe wanabeba nondo na ndoo, wanabisha hodi, wanaomba kuchora bila malipo. Wengine huwadhania wezi. Wamemaliza ishirini na tatu, na anataka kuzimaliza zote kabla hajafika miaka sitini na kumwachia kreni mwingine.

"Yule aliyeuza nyumba hakuwa mtu mbaya," anasema. "Alikufa na alichokijua, basi. Sisi wote tutakufa hivyo, labda tuandike."

Mwalimu anaisoma karatasi mara mbili, kama anayesahihisha mtihani, na hapati kosa. Analeta bahasha kutoka chumba kile kidogo, yenye kadi ya kliniki na karatasi ya uzazi, hata jina halijajazwa. Anaukunja mchoro na kuutia humo.

"Nyumba itakuwa yake siku moja," anamwambia Taratibu. "Hili asije akaambiwa na kreni."