Nani Alimaliza Miti

Mwaka ule mvua ilikatika mahindi yakiwa yanachanua, na vijiji vinavyozunguka kambi yetu ya Dzaleka, hapa Malawi, vikapata maelezo: wakimbizi wamekata miti yote, njo maana mvua imekataa. Niliyasikia sokoni. Niliyasikia hata nikiwa nimepakiwa kwenye kabaza, mwendesha baiskeli akiongea na mwenzake bila kujua kwamba Chichewa ninakielewa.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Bukavu. Lugha zilinifanya niitwe kutafsiri mkutano Lilongwe, katika ofisi moja ya serikali pale Capital Hill. Ulihusu nani apewe miche ya kupanda. Tulikwenda watatu: mimi, jirani yangu Mrundi anayeuza nyanya, na mama mmoja Mmalawi wa kijiji cha karibu na kambi, ambaye shamba lake lilikauka lote.

Bwana aliyeongoza alisema miche itakwenda vijijini tu, kwa kuwa wakimbizi ndio walioharibu. Alisema kwa upole, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana. Nilitafsiri hivyohivyo.

Jirani yangu akanigeukia. "Umuambie mi sijashika shoka tangu nifike huku. Makala ya kupikia nanunua kwa bantu ba baiskeli. Aulize nani anachoma, na hapa mujini banapikia nini."

Nikalisema hilo kwa Chichewa. Yule mama Mmalawi akasema, "Mume wangu anachoma. Mahindi yalipokufa tulibaki na makaa tu. Magunia mengi yanaletwa hapa mjini, Area 23. Kuwasema wakimbizi kulikuwa rahisi kuliko kujisema."

Niliona haya kumtafsiria jirani yangu maneno hayo. Kambini sisi nasi tulikuwa na letu, kwamba Wamalawi wanatuonea wivu, na mimi nilikuwa nimelirudia mara nyingi mbele ya wateja wangu.

Bwana yule hakubadili kitu siku ile, aliandika tu. Lakini msimu wa mvua uliofuata, miche ilipofika, watu wa kambini walikuwamo kwenye orodha, wachache. Jirani yangu na yule mama walichimba mashimo mstari mmoja, wakielewana kwa mikono zaidi kuliko maneno. Miche mingi ilikufa kwa jua la Oktoba iliyofuata.

Mume wa yule mama bado anachoma makaa. Nami bado ninayanunua, kwa sababu jioni lazima watoto wale.