Jembe Lililoingia Ndani

Mwaka ule tulikula ugali wa njano. Wa rika langu mkisikia hivyo mnajua ni lini, sina haja ya kutafuta tarakimu. Ulikuwa unga wa mahindi ya msaada, tukauita yanga. Ukiupika unanuka kama gunia lililonyeshewa, ukiumeza unasimama kooni kama mgeni asiyejua mlango. Kabla ya hapo tulikula udaga wa muhogo na mtama, baadaye tukala michembe ya viazi vikavu mpaka meno yakachoka, lakini kijijini kwetu Buswahili mtu akitaka kutaja dhiki husema tu "mwaka wa njano," na wote mnaelewa.

Nimekumbushwa na mjukuu wangu Neema, ninayeishi naye hapa Nyakato. Yuko sekondari. Juzi alikaa na zoezi la Kiingereza, ameambiwa aeleze neno purpose kisha atunge sentensi. Akaiuliza simu. Simu ikamwaga yote: kusudi, nia, lengo, madhumuni, kazi ya kitu. Neema akapiga miayo kana kwamba yeye ndiye aliyelima. Watoto wa siku hizi wanaletewa neno limeshamenywa na bado wanachoka kulitafuna. Nikamwambia neno hilo mimi nalijua. Akacheka, akanishika goti. "Bibi, wewe na Kiingereza wapi na wapi?"

Nimeishia darasa la tano, sifichi. Lakini neno hilo nalijua kuliko simu.

Shule yetu kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa, ikigongwa unaisikia mpaka kisimani. Asubuhi tunakimbia pekupeku, umande unakata miguu, kila mmoja na kuni yake na kidumu chake cha maji. Sabuni hakuna. Sare tulifulia majani ya mpapai, zikabaki na rangi isiyo na jina. Mapumziko tunacheza mdako na rede, mpira ni matambara yaliyofungwa kamba ya katani, na ukipigwa nao mgongoni unakumbuka mpaka Jumapili. Walimu walikuwa wawili tu, kwa hiyo darasa la tano na la saba tulijumlishwa chumba kimoja. Hivyo ndivyo nilivyosoma pamoja na dada yangu Wegesa.

Wegesa alichelewa kuanza shule kwa sababu alitulea sisi wadogo zake. Alikuwa la saba na ameshatimiza miaka kumi na minane, mrefu, anainama akiingia mlangoni. Lakini kichwa! Mwalimu Magesa akiuliza swali, darasa zima tunageuka kumtazama yeye, kama ndama wanavyomgeukia mama.

Chaki zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Mwalimu aliandika kwa kipande cha muhogo mkavu. Wenzangu mnakumbuka? Unatazama ubaoni, huoni herufi, unaona chakula. Siku hiyo akaandika neno lile, purpose. Akainua jembe la shule, akauliza kwa Kiingereza jembe lina kusudi gani, nasi tukaitikia kwa wimbo kwamba kusudi la jembe ni kulima. Ng'ombe, maziwa. Mtungi, maji. Tukapaza sauti mpaka popo wakahama darini.

Kisha akatufundisha kutenda jambo kwa makusudi, on purpose. Akaachia ule muhogo ukaponyoka. "Hii ni bahati mbaya," akasema. Akauokota, akautupa chini kwa nguvu. "Hii je?" Tukaitikia kwamba ni makusudi. Ukapasuka vipande viwili, kimoja kikaviringika hadi mguuni pangu. Nikakiokota, nikakitia mdomoni.

Darasa zima likanigeukia.

"Wewe Nyabise," Mwalimu akasema, "umekula chaki ya serikali?"

"Imeingia kwa bahati mbaya, Mwalimu."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Mwalimu naye alicheka, akafuta macho kwa kiwiko. Ni Wegesa peke yake hakucheka. Njiani tukirudi akaniambia, "Wewe mdogo wangu, uongo unakutoka laini mno." Kisha akanivunjia nusu ya kiazi chake.

Wakati huo baba hakuwepo nyumbani. Wezi walikuwa wametufagilia zizi, hawakutuachia hata ndama, naye akaenda Buhemba kuchimba dhahabu. Mama akabaki na sisi na shamba la pamba. Jirani yetu, Bibi Nyangeta, yeye zizi lake lilikuwa limejaa. Alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume. Kwetu mwanamke wa namna hiyo aliruhusiwa kutoa ng'ombe akaoa binti, binti akaja kuzaa watoto waitwe wa nyumba ile, jina la marehemu lisipotee. Wanaiita nyumba ntobhu. Bibi Nyangeta alimtaka Wegesa.

Na posa katika ukoo wetu ilifunguliwa kwa jembe. Wanakuja asubuhi, wanaegemeza jembe jipya ukutani kando ya mlango, wanaondoka. Hawasemi mengi. Jembe hilo haliingizwi na mkubwa, linaingizwa na mtoto wa nyumba ile. Likiingia, mmekubali. Jua likizama lipo nje, wenyewe wanajichukulia bila maneno, na kesho mnasalimiana kama kawaida. Mtoto yeyote wa kwetu alijua hivyo kabla hajajua kuhesabu.

Siku chache kabla, nilikuwa nachunga mbuzi karibu na kwa Bibi Nyangeta. Akaniita. "Njoo mjukuu wangu, mbona umekonda kama fimbo ya kuchungia?" Akanikalisha jikoni, akanipa ugali. Mweupe! Wa mahindi yetu, na maziwa ya mgando yanayokatika kwa kidole. Nilikula nikisikia masikio yananipiga kelele. Ndipo akasema, "Dada yako anataka kufaulu aende shule ya bweni huko mjini. Atakusahau. Akija kwangu, nyumba hii na hii, utamwona kila siku. Na ugali huu utakula mpaka uchague mahali pa kuanzia. Jembe likija, wewe unajua la kufanya."

Nilijua.

Jembe likaja. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyemsindikiza Bibi Nyangeta. Mama akatoka, akafuta mikono kwenye kaniki, akasema tu, "Tumeliona." Walipoondoka akatugeukia. "Asiliguse mtu. Mwanangu anasubiri matokeo ya mtihani. Lilale hapohapo mpaka wenyewe walifuate." Wegesa alikuwa anasuka mkeka. Aliimba, na yeye akiimba ujue moyo umetulia.

Mchana tukasikia sabuni imefika dukani. Mama na Wegesa wakaondoka mbio kuwahi foleni. "Nyabise, angalia nyumba."

Niliiangalia. Nililiangalia na jembe. Wakati ule majembe hayakupatikana, watu walilimia vipande vilivyobaki kama vijiko. Hili lilikuwa jipya, linang'aa, linanukia mafuta ya dukani, na mpini wake umesuguliwa. Jua lilikuwa bado juu. Nikasimama, nikalibeba kwa mikono miwili, zito kuliko nilivyodhani, nikavuka nalo kizingiti, nikaliweka nyuma ya vyungu vya mama. Nilipotoka nje nikasikia kigelegele upande wa pili wa uzio. Kumbe Bibi Nyangeta alikuwa anachungulia tangu asubuhi.

Mama aliporudi na kipande chake cha sabuni, na Wegesa nyuma yake na ndoo, wamepitia kisimani, wazee walikuwa wameshakaa uani. Akaingia ndani, akaliona, akatoka. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka kwa hatua nne.

"Huyu ni mtoto," akasema. "Majembe hayapatikani, kila mtu anajua. Amedhani ni la kulimia."

"Jembe halina ulimi, shemeji," akajibu Baba mkubwa. "Limeingia. Lakini hatuchukui mtu kwa hila. Nyabise, njoo hapa. Kama kuna aliyekutuma, sema sasa hivi, na jembe litatoka. Nani alikutuma?"

Nilimtazama Bibi Nyangeta. Alikuwa anatazama kidole chake cha mguu. Nilimtazama Wegesa. Amesimama na ndoo kichwani bado, maji yanamtiririka shingoni, ananisubiri. Neno moja tu lilitakiwa, nalo ni jina la mtu aliyekaa palepale.

Nikasema, "Nilidhani ni la kulimia."

Wakaguna kwa huruma. Mtoto. Masikini, mtoto. Mama akanivuta, akanifunika kwa upindo wa kaniki yake, nami nikajificha humo kwenye giza na harufu ya moshi, nikisikia Wegesa anatua ndoo.

Alihamia kwa Bibi Nyangeta pamba ilipokwisha kuvunwa. Na ugali mweupe nilipewa. Ningependa kuwaambia ulinikaa kama mawe. Hapana. Ulikuwa mtamu, nikaramba na sahani.

Majibu yalikuja baadaye. Mwalimu Magesa aliyaleta mwenyewe kwa baiskeli, matairi amejaza majani kwa kukosa mpira, inagonga chini kama ng'ombe kilema. Wegesa amechaguliwa, yeye peke yake shule nzima. Mama akanyoosha mkono tu kuelekea shamba la jirani. Nikamfuata Mwalimu nyuma. Wegesa alikuwa anapalilia, na jembe ni lilelile. Mwalimu akamwonyesha karatasi. Wegesa akaipangusia mikono kwanza, akaisoma yote, mstari kwa mstari, akamrudishia kwa mikono miwili kwa heshima.

"Karibu maji, Mwalimu," akasema.

Mwalimu akanywa. Akageuza baiskeli yake, akaikokota kwa mguu mpaka tukaacha kumwona.

Miaka ikaenda. Ikaja ile ya maduka kujaa. Mnakumbuka tulivyoshangaa? Sabuni za kila rangi, sukari nyeupe kama chumvi, mitumba imemwagwa chini sokoni Bunda, unachagua gauni kama unachagua viazi. Vitu vikajaa, tatizo likawa pesa mkononi. Mimi niliolewa, nikahamia huku mjini. Wegesa alikuwa amezaa watoto watano wa nyumba ya watu, na wote aliwafundisha kusoma kabla hawajaenda shule, anaandika kwa kijiti uani. Kisha kifua kikamkamata. Nilipokwenda kumwona alikuwa amebaki urefu tu.

Nikamwambia. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda nikamwambia yote: ugali, maziwa, maneno ya Bibi, jua lilivyokuwa bado juu.

Alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Nilijua siku ileile, Nyabise. Mdomo wako ulikuwa na utando wa maziwa wiki ile, na sisi hatukuwa na ng'ombe. Nilikuwa nangoja useme." Akafumba macho. "Basi, acha. Ulikuwa mtoto."

"Sitaki kuambiwa nilikuwa mtoto."

"Mbishi wewe." Akanisogezea miguu. "Haya, mtu mzima, nikande."

Nikamkanda. Miguu ilikuwa migumu kisiginoni, imepasuka kama shamba la kiangazi. Hakufika mavuno.

Hayo ndiyo niliyomsimulia Neema juzi. Aliacha simu ikazimika yenyewe mkononi. Tulikuwa tumekula wali, na wali ulibaki, nikamwona anautupia kuku bila kuutazama. Enzi zetu tulikula chaki. Sisi tulikuwa na njaa, ila kila kitu kilikuwa na kazi yake na kila mtoto aliijua: kuni, kidumu, jembe. Wao wana kila kitu, na wanaiuliza simu kila kitu ni cha nini. Namwonea wivu, sifichi. Binti amevaa sare ya sekondari, viatu vyeusi, soksi, na hakuna mtu anayeegemeza kitu chochote ukutani kwake. Wegesa angeipiga pasi soksi ile.

Akainama akaandika sentensi yake. Ana moyo mwema, alidondosha machozi kidogo juu ya daftari. Kisha akanisomea, akanigeuzia kwa Kiswahili nisikie vizuri: Bibi yangu hakufanya kwa makusudi, alikuwa mtoto.

"Futa," nikamwambia.

"Lakini Bibi, hata mwalimu wangu atasema hivyohivyo. Ulikuwa—"

"Chukua kifutio, Neema. Sitaki kuambiwa nilikuwa mtoto."