Kocha wa Dirisha Dogo

Habari za kocha mpya zilinikuta nakanda unga wa maandazi. Aliyezileta ni jamaa mmoja wa bodaboda, mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye huegesha pikipiki mbele ya mgahawa wangu akingoja abiria wa sokoni. Aliingia bila hodi, koti linachuruzika maji ya mvua, akasema, "Dada, tumepona. Kocha anakuja."

Niliendelea kukanda. Timu yetu ilikuwa mkiani mwa ligi, na kocha aliyetangulia alikuwa ameaga kwamba anakwenda kumuuguza mama yake, asirudi tena. Mimi hali ya timu niliijua kuliko mashabiki wengi, maana mgahawa wangu uko nyuma ya uwanja na wachezaji walikula kwangu. Isitoshe, kiungo wa timu alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Nilimchukua kutoka kwa mama huko Mollo alipomaliza darasa la saba, aje asome sekondari hapa Sumbawanga, na tangu hapo akawa wangu. Jezi yake nilikuwa naianika kwenye kamba moja na vitambaa vyangu vya meza.

Chai haijachemka, akaingia mwenyekiti wa mashabiki, mzee aliyestaafu udereva wa malori. Huyu alikuwa ameisindikiza timu hadi mikoa ambayo hata wachezaji wenyewe hawakupenda kwenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi mimina chai, tupange timu."

Wakaipanga. Ilikuwa ni kipindi cha dirisha dogo, yaani zile wiki za katikati ya msimu ambapo timu zinaruhusiwa kusajili, na meza yangu ya dirishani ikageuka ofisi ya usajili. Wengine wanne watano wakajazana, kila mmoja na mchezaji wake mfukoni. Kulikuwa na golikipa wa Tunduma anayedaka kama paka. Kulikuwa na beki kule Mpanda aliyegombana na timu yake. Zaidi ya wote kulikuwa na Mkongo, mshambuliaji kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hakuna aliyewahi kumwona akicheza, ila shemeji yake mwenyekiti, anayenunua dagaa Kasanga, alikuwa amesikia habari zake kwa wavuvi.

"Na tutawapataje hao wote?" nikauliza.

Jamaa wa bodaboda alikuwa na jibu. "Kiungo auzwe, dada. Usinichukie. Huyu mdogo wako anatakiwa na timu kubwa. Tukimtoa yeye, tunaingiza watu watatu."

Waliinua kidogo macho kunitazama, wakarudi kwenye mjadala. Nilikuwa nimesimama palepale na birika mkononi. Nimezoea kusikia watu wakibishana kuhusu bei ya maharage, lakini siku ile walikuwa wakibishana kuhusu mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Niliwamiminia wote. Hata yule wa bodaboda nilimmiminia.

Kocha alikuja na basi la kutoka Mbeya. Mwenyekiti aliona ni aibu mgeni afike stendi kama mpeleka mzigo, kwa hiyo wakatoka na pikipiki kumi au zaidi, bendera za timu zimefungwa nyuma, wakaenda kumpokea njiani, pale Mpui. Mvua iliwapiga njia nzima. Walilisimamisha basi, wakaingia na kelele, wakamkuta amelala kichwa kwenye kioo. Waliporudi kwangu wamelowa chapachapa nikawauliza yukoje. Mwenyekiti akasema, "Ni mtu wa mpira." Jamaa wa bodaboda akasema, "Ni mzee."

Wote wawili walikuwa sahihi. Asubuhi yake alikuja mwenyewe, mrefu, mwembamba, amevaa sweta mbili na bado anatetemeka. Baridi ya huku Ufipa humtetemesha kila mgeni, lakini yeye alikuwa na kikohozi pia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mama. Wachezaji wanakula hapa?"

"Hapahapa."

"Wanakula nini?"

Nikamwambia. Asubuhi chai na maandazi mawili. Mchana ugali na maharage. Usiku ugali na maharage, au dagaa wakipatikana.

"Na nyama?"

"Siku ya mechi, akijitokeza mtu wa kulipia."

Alimaliza chai, akaenda kusimama kwenye uzio wa uwanja akiangalia madimbwi yaliyotuama mbele ya goli.

Jioni ile mashabiki walimwita kikaoni. Walimkalisha kwenye meza ya dirishani, mwenyekiti akamsomea wachezaji wao wote kwa kichwa, kuanzia golikipa wa Tunduma. Kocha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeeleza njia kwa msafiri:

"Wazee wangu, hakuna anayekuja."

"Huyo Mkongo tayari ameshapigiwa simu," mwenyekiti akasema.

"Sisemi hivyo kwa ubaya. Timu ina wiki ngapi haijafanya mazoezi kamili? Nani atakuja hapa? Mimi sikuletwa kujenga. Nimeletwa ili timu ikishuka daraja, awepo wa kulaumiwa."

Mwenyekiti alivua kofia, akaivaa tena. "Mwalimu," akasema, "maneno hayo usiyarudie mbele za watu. Sisi tumekupokea kwa mvua."

"Najua," kocha akasema. "Ndiyo maana nawaambia ninyi."

Mkongo kweli alikuja. Alishuka kwenye gari la kutoka Kasanga na begi dogo na ndoo ya migebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa, zawadi kwa timu. Alikuwa mpole, Kiswahili chake kizuri cha kule ng'ambo. Alikuwa pia amepita umri wa mpira, na nilimwona hivyo hata kabla hajavua kofia. Kocha alimpa viatu, akamwambia akimbie kidogo. Mashabiki walijipanga kwenye uzio, nami nikatoka na kitambaa changu mkononi. Alikimbia vizuri mpaka katikati ya uwanja, kisha akaanza kutembea, mkono kiunoni. Hakuna aliyezomea. Nadhani ingekuwa afadhali wangezomea.

Nilimpikia migebuka yake mwenyewe. Alikula, akashukuru, akaniambia zamani aliwahi kuchezea timu ya mji wao, na simu ilipopigwa alifikiri labda Mungu amemkumbuka. Kesho yake akapanda gari la kurudi. Mwenyekiti hakuja kunywa chai siku hiyo.

Dirisha lilikuwa linakaribia kufungwa kocha aliponifuata jikoni, mchana, hakuna wateja. Akakaa kwenye kigoda changu cha kumenyea viazi.

"Mama, mdogo wako aondoke."

"Amekosa nini?"

"Hajakosa. Ndiye pekee hapa mwenye mpira mguuni. Kuna timu Dar imeniuliza habari zake, nimewaambia ukweli. Akibaki atashuka na sisi, na akishuka hakuna atakayekuja kumtafuta."

"Na timu?"

"Timu imeshakufa, mama. Tunasubiri tu kutangaza."

Jumapili baada ya misa mimi na mdogo wangu tulikwenda Mollo kumwona mama. Tulimkuta shambani anapalilia mahindi, matope hadi magotini. Mdogo wangu akachukua jembe lingine bila kuambiwa, wakawa wanapalilia sambamba huku anamweleza. Mama hakuinua mgongo. Alipomaliza mstari wake ndipo akamjibu kwa Kifipa, kwamba mtoto wa mwisho huachwa nyumbani ili awepo mtu wa kufunga macho ya mzazi.

"Nitarudi, mama. Nitakujengea."

"Sijaomba nyumba," mama akasema.

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye unayekaa naye. Unasemaje?"

Nikasema aende. Nilikuwa namkumbuka yule Mkongo na mkono wake kiunoni. Sikutaka mdogo wangu aje apigiwe simu akiwa na umri ule.

Habari zilipotoka, meza ya dirishani iliwaka moto. Yule jamaa wa bodaboda, aliyetaka kiungo auzwe, sasa alikuwa wa kwanza kumwita msaliti.

"Si wewe uliyesema auzwe?" nikamuuliza.

"Nilisema auzwe tuingize watu. Sasa anaondoka na hakuna anayeingia. Hiyo si kuuza, dada, hiyo ni kukimbia."

Mwenyekiti alingoja hadi wenzake wakatawanyika. Akaja mpaka pale ninapooshea vyombo, kofia mkononi, na mimi sijawahi kuona mtu mzima wa umri wake akisimama namna ile mbele ya mwanamke wa makamo yangu.

"Binti yangu, mwambie abaki hadi mwisho wa msimu tu."

"Mzee, ameshasaini."

"Nimeishabikia timu hii tangu sijaoa. Nimezika mke, timu ipo. Ikishuka safari hii haitapanda tena mimi nikiwa hai."

Nilimpa kiti. Alikaa kidogo, akaondoka.

Mdogo wangu alisafiri alfajiri, baridi imekaza, stendi imejaa ukungu. Kocha ndiye pekee aliyekuja kumuaga upande wa timu. Alimshika bega, akamwambia ale vizuri na alale mapema. Nilimfungia chapati na mayai ya kuchemsha. Basi lilipogeuka nilimwona dirishani akiwapungia mkono watu ambao hawakuwa wakimtazama.

Mwanzoni nilikuwa napiga simu kila baada ya mechi yao.

"Leo umecheza?"

"Nilikuwa benchi, dada. Mwalimu anasema nizoee kwanza."

Baadaye benchi likawa jukwaa la watazamaji. Baadaye akawa hapokei siku za mechi, anapiga kesho yake, na tunaongea habari za mama na mvua. Huku kwetu kocha aliendelea kusimama kwenye mstari na sweta zake mbili, akipaza sauti hadi kikohozi kinamkata. Tulifungwa nyumbani, tukafungwa ugenini. Mechi moja timu ilichelewa njiani kwa sababu gari liliharibika, wachezaji wakashuka na kuingia uwanjani bila kupasha misuli. Tulishuka daraja siku nyingi kabla ya msimu kwisha, na kocha hakuisubiri mechi ya mwisho. Alipita kwangu asubuhi kunywa chai na kuaga. Alisema hakubaki hata mtu wa kumlaumu yeye, maana kila aliyehusika ameshaondoka. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema kuna timu nyingine mkiani, wamempigia.

Hakuna pikipiki iliyomsindikiza.

Ilikuwa wakati huohuo mdogo wangu alipoumia. Haikuwa hata kwenye mechi. Ilikuwa mazoezini, wachezaji wa akiba kwa wachezaji wa akiba. Alikanyaga vibaya, goti likazunguka. Walimpeleka hospitali wakaambiwa anahitaji upasuaji. Viongozi wakasema litashughulikiwa. Likasubiri ligi iishe, likasubiri uongozi mpya, halafu mkataba ukaisha, na mtu asiye na mkataba goti lake ni lake. Alirudi na basi lilelile lililompeleka, lakini alishuka kinyumenyume, ameshikilia mlango, mguu mmoja ukitangulia kutafuta ardhi.

Hakutaka kukaa mjini. Alisema hawezi kukaa nyuma ya uwanja. Nikampeleka Mollo, na mama alimpokea bila kumkumbusha neno lolote alilowahi kusema. Alimpisha kitanda chake.

Nilikwenda huko wakati wa kuvuna ulezi. Nilimkuta amekaa kwenye gunia tupu, mguu mbaya ameunyoosha mbele, anakata masuke ambayo mama alikuwa anamletea kwa mafungu. Nikakaa upande wa pili nikamsaidia. Upepo ulikuwa mkali, na alikuwa amevaa koti la mazoezi la timu ya Dar, limepauka mabegani.

Tulimaliza fungu la kwanza. Kisha akasema, "Dada, unajua siku niliyoumia, mwalimu wa kule alikuja kuniangalia nikiwa chini."

"Akasemaje?"

"Aliwauliza wenzangu, 'Huyu wa Sumbawanga anaitwa nani?'"

Alikata suke lingine. "Miezi yote ile, dada."

Nilitaka kumshika mkono, lakini ulikuwa na kisu. Mama alikuja na fungu jingine, akalimwaga kati yetu, akarudi shambani. Jua liliposogea nikasimama, nikajikung'uta makapi, nikamwambia lazima niwahi gari na kwamba nitakuja tena Jumapili nikitoka misa.

"Njoo na dawa ya kuchua," akasema. "Ile imekwisha."