Ng'ombe Waliopotea Nyuma ya Mzee

Nilipopata lenzi yangu ya kwanza yenye tundu pana, niliacha kupiga picha za namna nyingine. Ilikuwa ya mtumba, niliinunua sokoni Birere, na kila aliyesimama mbele yake alitoka kama yuko peke yake duniani: uso unaonekana hadi unywele wa nyusi, na nyuma pikipiki na meza za wachuuzi zimeyeyuka zikawa rangi tupu. Wateja walifurahi. Nami nikajiona fundi.

Ndipo akaja mzee mmoja mfugaji, mtu wa milima ya Masisi aliyehamia Mugunga na ng'ombe wake wanne. Alitaka picha ya kumpelekea binti yake aliyeolewa Butembo. Nikaenda kwake asubuhi, nikampiga akiwa na fimbo yake mkononi na ng'ombe nyuma yake. Nilipompelekea picha, aliitazama kwa muda mrefu.

"Ni muzuri, mutoto wangu," akasema. "Lakini ngombe zangu ziko wapi?"

Nikamwonyesha madoa ya hudhurungi nyuma ya bega lake. Akanieleza taratibu kwamba binti yake ndiye aliyekuwa akiwachunga, anamjua kila mmoja kwa pembe zake, na madoa yale hatayatambua.

Niliona haya, maana kosa halikuwa la lenzi. Tundu likifunguliwa sana, sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba, na vyote vilivyo mbele na nyuma yake hufifia. Likibanwa, sehemu hiyo hurefuka. Nilijua hayo yote, ila nilikuwa nimelewa uzuri wa ule ukungu.

Nikarudi siku ya jua kali, kwa kuwa tundu dogo huingiza mwanga kidogo. Nikalibana, nikasogea nyuma hatua kadhaa, nikamwomba mzee asimame karibu zaidi na ng'ombe wake. Mkewe nilimwita naye aje, akakataa, akasema ana kazi. Tukasubiri mpaka ng'ombe watulie.

Nilipompelekea picha safari hii, kila pembe ilionekana. Mzee alipita na kidole chake kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine, akiwataja. Mkewe akainama atazame, akajikuta mle pichani, nyuma kabisa, kwenye mlango wa jiko, ndoo mkononi, anacheka. Nikaogopa kwamba atakasirika. Yeye akauliza tu kama ninaweza kutoa mbili.

"Moja ya mutoto," akasema, "na moja yangu."