Zambarau za Baridi Chumbani kwa Mahbuba

Nyumba ya Mahbuba pale Maskati ilikuwa na chumba kimoja tu chenye ubaridi, na ndimo mumewe alimotia makopo matatu ya miti ya Mzungu.

Tangu watoke Pemba mwaka wa sitini na nne, Ishaq hakupata kazi ya maana. Leo anabeba magunia bandarini Matrah, kesho yuko barazani anasifu mikarafuu aliyoiacha. "Mie hata ukinipa mswaki, nikiupanda unaota." Mahbuba kayasikia mpaka masikio yanamwasha. Mwisho yakasikiwa na Mzungu mmoja wa kampuni ya mafuta, aliyeletewa miti kutoka kwao kwenye theluji. Ati inazaa vitunda vya buluu, kama zambarau iliyonyimwa chakula. Mwenyewe anakwenda likizo msimu mzima wa joto.

"Nikirudi nikaikuta hai," alimwambia Ishaq, "bustani yangu ni yako, kwa mshahara."

Basi Mahbuba akatoka chumbani na mkeka wake.

Ishaq akailea miti ile kama kitalu cha mikarafuu. Akaitilia jivu la jikoni. Na kwa kuwa kisima kina chumvi, miti ikanywa maji matamu yanayoletwa kwa punda.

"Baba Aflah, mwanao anaoga chumvi, vijiti vinakunywa ya mtungi?"

"Hivyo ndo mshahara, Mama Aflah. Kwao vinalala ndani ya theluji. Vimezoea raha."

"Basi vipepee."

Akachukua upepeo, akavipepea kweli.

Jirani yake, Masouda, akachungulia mlangoni. "Shoga, mumeo kaoa?"

"Kaoa watatu. Na wote wagonjwa."

Maana majani yalishaanza kuwa manjano. Ishaq kuona vile, akazidisha jivu. Jivu likaruka likaingia mtungini, wanaume wa barazani wakanywa kahawa inayonuka moshi, na lawama akapewa nani? Mahbuba. Alishika kijiko akalikwangua jivu lote, akalitupa uchochoroni.

"Ukirejesha jivu humu ndani, nnakwenda zangu Yiti kwa kaka yangu. Ubaki na wake zako."

Tangu siku ile hakujisumbua tena kutoka juani kutupa taka. Kila asubuhi wanaume wakishakunywa kahawa, machicha anayamwaga kwenye makopo. Akikamua ukwaju, makapi humo humo. "Haya, kuleni, nyie mliozoea raha." Moyoni alishakata tamaa, miti itakufa, na mshahara utakufa nayo.

Miti ikakataa kufa. Majani yakarudi kijani, yakang'ara kama yamepakwa samli. Ishaq barazani hakushikika. "Mkono huu! Hata theluji inautambua." Mahbuba akazidi kumwaga machicha. Mshahara kwanza.

Mzungu akarudi, akaingia, akazunguka makopo mdomo wazi. Akasema kwa Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika kwamba miti hii hupenda udongo wenye uchachu, na kuzaa haitozaa, inataka baridi kali, lakini kuishi kwake tu ni ajabu. Kazi Ishaq kapata. "Ulikuwa ukiilisha nini?"

Ishaq akanyanyua mkono wa kulia, akauonesha kama upanga.

"Basi isihamishwe," akasema Mzungu. "Hapa imepapenda. Nitaleta na mingine."

"Lete, sahibu. Chumba kipo."

Nyuma ya pazia Mahbuba akakohoa. Akasema kwa Kiswahili, pole pole, Mzungu asifahamu.

"Baba Aflah. Miti yako imekula machicha yangu ya kahawa na makapi yangu ya ukwaju tangu nilipolitupa jivu lako. Itoke leo. Au nimwambie kwa Kiarabu?"

Mkono wa Ishaq ukashuka wenyewe.

"Sahibu," akasema, "nimefikiri. Miti hii ishapona, sasa inataka kukaa na mwenyewe. Ntakuja kuitazama huko huko. Na machicha ya kahawa ntakuja nayo."

Mzungu hajamaliza kikombe chake cha kahawa, mkeka wa Mahbuba ulishatandikwa chumbani, na mwenyewe yuko juu yake, kanyoosha miguu, anajipepea.